Siku Nilipopanda Jiwe la Ndiva

Nianze kwa kukiri kabisa, maana nyinyi mnaocheka hapo nyuma mmeshasikia nusu ya habari hii kutoka kwa watu wasionitakia mema. Ni kweli, niliwahi kuteremka mlima kwetu Mhezi nikiwa nimekaa juu ya jiwe, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, daftari la fizikia mkononi, na ni kweli pia kwamba siku ile nilirudi nyumbani nimejifunga kanga ya mama mkwe. Hayo mengine ya kwamba nililia ni uongo mtupu (macho yalinitoka machozi kwa sababu ya vumbi).

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, shule ya mbali huko, na msishangae nikiwaambia nilikuwa na umri wa kuoa, kwa sababu wengi wetu zama zile tulianza darasa la kwanza tukiwa tayari tunajua kukamua ng'ombe. Kila likizo treni ilikuwa inanishusha stesheni ya Same, nami napanda mlima kwa miguu, sanduku la bati kichwani, jasho linanitoka, lakini nikishafika kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji nalitua sanduku, navaa viatu, navaa soksi ndefu, nachomeka shati kwenye kaptula yangu nyeupe, halafu ndipo naingia kijijini kama mtu aliyeletwa kwa gari. Hapo mmeshanijua nilikuwa kijana wa namna gani.

Likizo ile ilikuwa na jambo. Nilikuwa nimeshapeleka posa kwa Mzee Kajiru, nikimtaka binti yake Nakijwa, ambaye nilimpenda tangu tukiwa wadogo tunachunga mbuzi wa jirani. Wazee wa kwetu walikwenda, wakapokewa vizuri, wakala, wakanywa, wakarudi bila jibu. Mzee Kajiru alisema atajibu baada ya msaragambo. Sasa, kwa msiotoka Upareni, msaragambo ni ile kazi ya kijiji inayofanywa na wote, baragumu likilia alfajiri kila mtu anatoka, awe tajiri awe maskini, na Mzee Kajiru ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva yetu, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji usiku ili mchana yafunguliwe kwenda mashambani. Ukuta wa ndiva ulikuwa umebomoka upande mmoja na maji yalikuwa yanapotea. Ilitakiwa lishushwe jiwe kubwa bapa kutoka juu, lije lizibe pale.

Nilielewa mara moja kwamba Mzee anataka kuniona kazini, na Nakijwa mwenyewe alinithibitishia tulipokutana kisimani.

"Baba anasema mikono yako ni laini kuliko yangu," akaniambia, wala hakuona haya. "Anasema ataniozaje kwa mtu asiyejua jembe linashikwa upande gani."

Iliniuma. Ningeweza kuchukua jembe nikaenda kulima siku mbili tatu watu wakaniona, yakaisha. Lakini msomi akiguswa haendi kulima, msomi anatafuta kalamu. Nikasema moyoni, mikono laini sawa, ngoja waione akili.

Muhula ule ndio kwanza tulikuwa tumefika kwenye maswali ya msuguano. Kabla ya hapo mwalimu wetu, Mwingereza mmoja mrefu mwenye kikohozi, kila swali alilotuandikia ubaoni alilimalizia kwa maneno yale yale: puuza msuguano. Kitu kinateremka mlima, puuza msuguano. Kijiwe kinazungushwa kwa uzi, puuza hewa. Sisi tukapuuza miaka miwili, tukapata maksi nzuri, kisha siku moja akatuambia sasa msuguano upo, na swali lile lile la jana likawa na kurasa mbili. Mimi nililipenda. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa maswali yale, na mtu aliyekuwa wa kwanza darasani akirudi kijijini kwao ni hatari kwa viumbe hai wote.

Basi mchana wa kuamkia msaragambo nikaenda kuipima njia. Nikachukua ubao wa mlango wa zizi la mbuzi (mbuzi walitoka, hiyo ni aibu nyingine, sitaieleza leo), nikaupaka udongo wa njia ile, nikaweka juu yake kipande cha gogo nilichokikandamiza kwa jiwe, nikauinua ubao polepole mpaka gogo likaanza kuteleza. Hapo unapima ubao umeinuka kiasi gani, unagawanya kwa urefu wa chini, unapata namba ya msuguano. Nikapata nusu. Namba nzuri, safi, haina mkia. Kisha nikapima mteremko kwa hatua, nikapima kimo kwa fimbo na uzi wenye kokoto, nikapima ile kona ambayo njia inazunguka shamba la magimbi la Mzee Kajiru kabla haijatokea kwenye uwanja wa ndiva.

Hesabu ikakaa vizuri jamani, mpaka nikaipenda. Jiwe likiwa juu lina nishati ya kimo, likiteremka nishati ile inageuka mwendo, msuguano unaila kidogo kidogo, kwa hiyo litafika kwenye kona likiwa na mwendo wa mtu aliyechelewa kanisani lakini hataki watu wajue. Kwenye kona, kitu chochote kinachozunguka kinataka kwenda zake moja kwa moja, lazima kitu kikivute kwa ndani, na cha kukivuta pale ni huo huo msuguano, nao unatosha na kubaki. Baada ya kona ni uwanja, na uwanjani mwendo unaisha wenyewe. Jiwe litasimama hatua kumi kabla ya ukuta. Nikachora mstari wa majivu pale pale litakaposimama, kisha nikaenda kwa Mzee Kajiru.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Mzee, kesho hakuna haja ya kamba."

Niwaeleze. Jiwe kwetu hufungwa juu ya panda kubwa la mti, tawi lenye umbo la manati, na nyuma wanakaa wanaume wanane na kamba, wakilizuia lisikimbie. Kazi hiyo inachubua viganja. Binamu yangu Mrutu mwaka mmoja alishinda wiki nzima analishwa kama mtoto. Kwa hiyo mimi niliona nawasaidia watu. Mzee Kajiru alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili matatu, akasema kwa utaratibu wake, "Kama daftari linasema hivyo, wewe ndiye uliyetumwa kulisoma. Tutajaribu. Lakini baragumu likilia uje mapema uione njia."

Nikasema nitakuja mapema. Na hapo ndipo penyewe.

Kwa sababu alfajiri baragumu lilipolia niliamka, nikanawa, nikavaa kaptula nyeupe (kwenye kazi ya udongo, kaptula nyeupe!), nikashika daftari, na nikiwa mlangoni nikaliona tone la maji limeangukia hesabu yangu na kufuta nukta moja. Nikajiuliza, nukta hii ilikuwa hapa au hapa? Nikasema wacha niirudie hesabu kwanza, wao watangulie, mwenye akili haendi na kundi. Nikakaa kitako. Niliporidhika jua lilikuwa limeshachomoza na umande umekauka.

Nilipofika juu, jiwe lilikuwa limeshafungwa kwenye panda, watu wamesimama pande zote mbili za njia, na njia yenyewe, kuanzia miguuni pangu mpaka kule kwenye kona, imetandikwa maganda mabichi ya migomba, meupe, yanang'aa, yamepangwa vizuri moja juu ya jingine.

Mnajua nilifikiri nini? Miezi michache kabla Bwana DC alikuwa amepanda kutoka Same kuja kukagua, na kijiji kilimpambia njia kwa migomba, matao ya majani huku na huku. Mimi nikayaona yale maganda nikadhani nimepambiwa! Wallahi, wenzangu, roho ilinijaa. Nikasema moyoni, watu hawa wana adabu, wametambua. Sikuwahi hata siku moja kuona jiwe likishushwa, kwa sababu nikiwa mdogo siku za kazi ile nilikuwa machungani na mbuzi, na nilipoanza shule likizo zangu na kazi ile havikukutana, nikawa sijui kitu ambacho kila mtoto wa Mhezi alikijua, kwamba jiwe halitembei mlimani mpaka litandikiwe maganda mabichi liteleze, na ndiyo maana linahitaji watu wanane wa kulizuia. Maganda huliendesha, kamba hulishika. Mimi kamba nilikuwa nimeziondoa.

Mzee Kajiru akanyoosha fimbo yake kwenye njia. "Maganda umeyaona?"

"Nimeyaona, Mzee," nikajibu kwa unyenyekevu mkubwa. "Yamependeza sana."

Akanitazama. Akamtazama Mrutu. Akanitazama tena. "Yamependeza," akarudia polepole. Kisha akauliza, "Na una hakika?"

Hapo nilikuwa bado naweza kuokoka. Lakini kule chini, karibu na ndiva, wanawake walikuwa wamebandika masufuria ya makande ya kulisha kijiji, na kati yao nilimwona Nakijwa, mkono juu ya paji la uso, anatazama huku juu. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Nina hakika kiasi kwamba nitakaa juu yake."

Watu wakashangilia. Nikapanda. Nikakaa juu ya jiwe, miguu nimeikunja vizuri, daftari nimelishika kifuani kama askofu na Biblia yake, nikampungia Mrutu mkono atoe kigingi kilicholizuia jiwe.

Akatoa.

Kwa hatua tatu za kwanza nilikuwa nahesabu kwa sauti ili watu wasikie. Hatua ya nne sikuiona. Nilisikia upepo masikioni, nikasikia Mrutu anapiga kelele nyuma yangu, "Ruka! Eliamani, ruka!" na mimi, mniamini mkitaka, jambo lililonijia kichwani ni kwamba namba yangu haikuwa nusu. Haikuwa hata robo. Na mbaya zaidi nikakumbuka kwamba msuguano niliuingiza mara mbili katika hesabu: mara ya kwanza kupunguza mwendo, mara ya pili kulishika jiwe kwenye kona. Ukipungua, mwendo unazidi na mshiko unakwisha, vyote kwa pamoja. Nililiona swali zima kwa uzuri ambao darasani sikuwahi kuuona, nikiwa nalikimbilia shamba la magimbi la mkwe wangu.

Kona ikaja. Njia ikapinda, sisi hatukupinda.

Jiwe likaingia kwenye magimbi, likayalaza mistari minne, likajizika kwenye tope la mfereji mpaka nusu yake, likatulia. Mimi sikuwa nimefungwa kwenye lolote, kwa hiyo niliendelea. Niliruka, nikatua kwa makalio kwenye ule uwanja mkavu wa chini, ambako hakuna aliyetandika ganda hata moja, na hapo, jamani, namba yangu ya nusu ilikuwa sahihi kabisa! Msuguano niliokuwa nautafuta njia nzima ulikuwa umenisubiri pale, nao ulianza na kaptula. Nikaburuzika, nikaburuzika, nikasimama miguuni pa sufuria la makande, nikiwa nimeshika daftari, na nyuma yangu kaptula ikiwa imebaki mshipi na mifuko miwili.

Hata mbuzi waligeuka kutazama.

Aliyekuwa na mwiko mkononi pale kwenye sufuria alikuwa Mama Nakijwa. Nyinyi mnajua heshima ya mkwe kwetu, mkwe hata kukaa naye jamvi moja ni tabu, na mimi nimeletwa mbele yake kwa kasi ile, nikiwa katika hali ile. Mama wa watu aligeuza uso haraka, akatazama milimani kama anayetafuta mvua, akafungua kanga yake ya begani, akairusha nyuma bila kuangalia.

"Mfunikeni mtoto wa watu," akasema.

Nikajifunika. Kisha nikasikia kicheko kimoja, chembamba, kinachojizuia na kushindwa, nikakijua ni cha Nakijwa, na baada yake kijiji kizima kikaangua. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ilikuwa imeshanifanyia ya kutosha.

Sasa sikieni la kanga. Wiki moja kabla, Mama Nakijwa alinunua kanga ile mpya dukani Same, na kwa kuwa hakujua kusoma alimtuma Nakijwa aniite nimsomee maneno yake, nami nikasimama uani kwao nikayasoma kwa sauti ya kanisani, nikayafafanua, nikatoa na mfano. Yalisema: MWENDA POLE HAJIKWAI. Ndiyo niliyojifunga kiunoni nikitembea katikati ya kijiji, na maneno yamekaa nyuma, pale pale.

Nilidhani posa yangu imekwisha. Nilikaa chumbani, sikutaka kula, na niseme tu wazi, moyo uliniuma kuliko makalio, maana kuchekwa mtu anazoea lakini kumkosa Nakijwa nilijua sitazoea. Jioni ile ile, kabla jua halijazama, Mzee Kajiru akaniita. Nilimkuta kwenye shamba lake la magimbi, amekaa juu ya lile jiwe.

"Soma," akaniambia, akionyesha daftari.

Nikasoma yote, mstari kwa mstari. Hakucheka. Nilipomaliza akauliza, "Hapo maganda yako wapi?"

"Hayamo, Mzee."

"Na watu?"

"Niliwatoa."

"Basi wewe ulishusha jiwe kwenye mlima mwingine," akasema. "Rudia. Ya mlima huu."

Kesho yake nikarudia, safari hii nikiwa na ganda bichi la mgomba juu ya ubao wa zizi, na gogo likaanza kuteleza kabla sijauinua ubao vizuri. Nikapiga hesabu ya uzito wa jiwe, mteremko, na nguvu ya mwanaume mmoja anayevuta kamba. Nikatafuta wanatakiwa wangapi kulizuia. Jibu likatoka saba na nusu. Nikampelekea Mzee, nikamweleza kwa aibu kwamba kwa kuwa hakuna nusu mtu, ni lazima wawe wanane.

"Wanane," akasema. "Ndio tunaoweka siku zote." Kisha akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, na nikaona mdomo wake unacheza. "Lakini daftari lisibadilishwe. Saba wapo. Na nusu mtu tunaye."

Basi nilishika kamba. Baragumu lilipolia tena alfajiri iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika, miguu mitupu, nikatandika maganda na wenzangu, tukalitoa jiwe kwenye magimbi na kulishusha hatua kwa hatua, Mrutu mbele yangu ananiambia vuta, legeza, vuta, na kamba ilinila viganja mpaka nyama. Saa sita jiwe likakaa kwenye ukuta na maji yakaacha kupotea. Mzee Kajiru akaja, akaniambia fungua mikono, nikafungua. Akaitazama kwa muda, ngozi imetoka, damu na udongo.

"Waambie wazee wenu waje Jumapili," akasema, akaondoka zake kwenda kula makande.

Ndiva ile ipo, na jiwe lipo, nendeni mkalione. Mimi nilikuja kuwa mwalimu, na wanafunzi wangu wote ni mashahidi kwamba sikuwahi kuwaandikia ubaoni puuza msuguano bila kwanza kuwaambia asiyeiona njia asipige hesabu, ingawa sababu yake sikuwahi kuwaambia. Niliapa pia kwamba baragumu, kengele au mtu yeyote akiniita mapema nitakwenda mapema, na kiapo hicho nimekitunza. Kile cha kuacha kujiona najua, hicho kinanishinda mara kwa mara. Lakini Nakijwa hagombani na mimi. Nikianza kupandisha sauti kwamba nina hakika, nina hakika kabisa, yeye huinuka taratibu, huenda kwenye sanduku lake, huitoa kanga ya marehemu mama yake, iliyochakaa sasa lakini maneno bado yanasomeka, huitundika mlangoni, kisha hurudi kukaa na kuendelea kuchambua maharage yake, nami hunyamaza.